Mwani Usio na Mchanga

Mwalimu wangu Rehema,

Arobaini yako imepita. Watu wamesoma, wamekula pilau, wameondoka, na mimi ndiyo kwanza napata nguvu ya kushika kalamu. Nakuandikia kutoka Mbale, katika chumba kile kile cha Namakwekwe ulichokiita kiberiti. Usicheke. Nina jambo la kukiri, nimelibeba tangu wakati wa vita.

Wiki iliyopita mpwa wako aliniletea daftari lako la mwani, limefungwa kwa kanga yako ya rangi ya chungwa. Mkuu wa shule ninayofundisha, hapa Nabuyonga, aliliona akafurahi. Akataka wanafunzi waanze kulitumia mara moja. Nikaitikia kwa kichwa tu. Humo ndani kuna ukurasa mmoja wa uongo, na niliutengeneza mimi.

Kwanza nikusifu, maana ulipokuwa hai ulikuwa ukinikatiza. Kitabu cha shule kilikuwa na sura nzima juu ya mwani wa baharini, jinsi unavyobadilika kwa majira katika vidimbwi vya pwani. Walimu wengine waliiruka sura hiyo, kwa kuwa bahari hatuna. Wewe ukasema ziwa litatosha. Ukatoka Nalufenya, pale Jinja, kwa miguu, ukateremka hadi kwenye miamba ya ziwa, ukachagua vidimbwi vitatu na kuvipa majina ya jikoni. Kikombe, kule juu, kilingoja mvua tu. Birika, katikati, lilipata maji na mchanga mawimbi yakiruka. Beseni lilikuwa chini kabisa, ziwa likiingia na kutoka lipendavyo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ulipima kwa uzi wenye mafundo, uone mwani umeenea hadi wapi. Kisha ulichukua kidogo, ukautandaza majini juu ya karatasi, ukainua karatasi polepole. Mwani ulikauka, ukanata wenyewe kwa ute wake.

Mimi nilikuwa mtunza maabara wako, binti mwenye haraka. "Zaituni, angalia kwanza, andika baadaye." Kwa macho yako niliona Kikombe kikibaki na ganda jeupe wakati wa kiangazi, mtu angedhani kimekufa, halafu wiki moja ya mvua kikarudi kijani kitupu. Niliona mwani wa Birika ukihamia upande wa kivuli jua linapozidi. Nani mwingine Jinja nzima alikuwa anajua hayo?

Vita vikaja, karatasi zikaadimika. Ukatumia migongo ya mitihani ya zamani na mifuko ya sukari, maana sukari yenyewe ilikuwa imekwisha. Hukukosa Jumamosi hata moja, mpaka malaria ilipokulaza katikati ya kiangazi, ukanituma mimi, walau nikapime Birika.

Sikufika, Mwalimu. Askari walikuwa wameweka kizuizi njiani. "We dada, naenda wapi? Huko hapana pita!" Nikasema, "Afande, naenda chota maji tu." Akakoki bunduki. Nilikimbia, viatu vikabaki barabarani.

Aibu ikanishika. Nitakwambia nini wewe ambaye hujawahi kukosa? Nyuma ya maabara tangi la shule lilikuwa likivuja, na chini ya bomba mwani ulikuwa umeota. Nikaubandua, nikautandaza kwenye karatasi, nikaandika: Birika, mafundo matatu. Nikakuletea kitandani. Uliutazama kwa muda mrefu, kisha ukaitazama miguu yangu. Ukasema tu, "Kula kwanza."

Vita vikaisha, nikahamia huku. Uliniandikia barua nyingi, na jambo lile hukuligusa. Nilikaa na daftari siku tatu bila kulifungua. Niliwaza kuuchana ukurasa ule, nani angejua? Nikiuacha, wanafunzi watasema Birika lilikuwa limejaa mwani katikati ya kiangazi, na kazi yako ya miaka yote itapotoka kwa sababu yangu.

Jana nikalifungua. Chini ya mwani wangu kuna mwandiko wako wa penseli:

"Huu si wa Birika. Hauna mchanga. Ni wa tangi la shule. Birika mwezi huu: hatujui. Zaituni amerudi mzima, pekupeku."

Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Ulijua siku ile ile! Hukunifedhehesha, wala hukuuacha uongo wangu usimame. Sijaona mtu mwingine awezaye yote mawili, na wewe uliyaweza ukiwa na homa.

Leo asubuhi nimewasomea wanafunzi ukurasa ule, pamoja na jina langu. Msichana mmoja akauliza kwa nini hukuuchana. Nikamwambia ulikuwa mwani wa kweli, ila wa mahali pengine, nawe ukaandika ulikotoka. Wameomba waende Jinja.

Barabara siku hizi inapitika. Jumamosi ya kwanza nitawapeleka, na uzi wako ninao. Nakuahidi, nikizuiwa nitaandika kwamba sikufika. Nikifika, nitausugua mwani kwa vidole nione kama una mchanga, ndipo niandike.

Lala salama, Mwalimu. Mungu akupanulie kaburi. Siku hiyo nitakula kwanza, nitavaa viatu, kisha nitateremka Birika.

Zaituni wako