Usitie Sahihi Msitu wa Babu Yako

Kibarazani kwa fundi cherehani,
Jumanne asubuhi, tarehe kumi na mbili.

Mpendwa mwanangu, mtoto wa marehemu kaka yangu,

Basi nikalikunja dole gumba langu, nikalificha ndani ya ngumi, nikamwambia baba yako mkubwa, "Utalikata kwanza ndipo ulichovye wino." Hata kuku waliokuwa sebuleni walitoka.

Ngoja, fundi ananiambia sijakusalimia. Kweli. Hujambo? Mkeo hajambo? Kile kifua kinachokusumbua kwenye baridi ya huko kimetulia? Sisi wazima, ila magoti yangu tu yamegoma. Mimi nasema, fundi anaandika, tena anaandika katikati ya suruali za watu. Ukiona nimeruka jambo, ujue mwenye suruali alikuja.

Sasa sikiliza. Karatasi ya kuuza msitu wa babu yako iko njiani, inakuja kwako. Wenye msitu ni watatu: baba yako mkubwa, mimi, na wewe uliyekalia nafasi ya baba yako. Baba mkubwa ameshatia sahihi. Mnunuzi ni yule mwenye kiwanda cha mbao, tunamwita Bwana Futi, maana hata akikuamkia anakupima kwa macho utatoa mbao ngapi. Akikupata na wewe, kwisha. Wawili wakikubali, wa tatu anabaki kelele tu.

Unaukumbuka ule mnara wa chuma niliokusimulia, alioujenga binti wa hewa katikati ya msitu? Yule msomi anayepima hewa. Mnara una midomo miwili, mmoja kileleni, mmoja chini usawa wa kichwa changu, inavuta hewa kutwa kucha kama mzee mwenye pumu. Nilimuuliza, "Binti, hewa yetu unaipeleka wapi, kwenu haipo?" Akacheka, akanikalisha, akanieleza.

Ile harufu ya msitu jua likiwaka, ile inayokupanda mpaka kichwani, ni pumzi ya miti. Ikipanda, hewa na jua vinaigeuza vumbi dogo, dogo kuliko unga, jicho haliwezi kuliona. Sasa mvuke wa maji nao ukifika juu unatafuta pa kushika. Wewe si umeona sufuria ikichemka? Mvuke unapotea hivihivi, lakini ukikuta mfuniko unakuwa matone. Huko juu hakuna mfuniko, kuna vumbi hilo. Mvuke unaling'ang'ania punje kwa punje, ndiyo wingu hilo. Na wingu jeupe linalirudisha jua lilikotoka, sisi huku chini tunapoa.

Mwanangu, nimeokota kuni mle miaka sitini, sikujua natembea ndani ya kiwanda. Nikasema, kumbe Bwana Futi ana kiwanda na sisi tuna chetu, tena chetu hakina kelele.

Sasa kosa langu nikuambie mwenyewe, usije ukalisikia kwa watu limeota mkia. Kikao cha ukoo kilikaribia, na binti wa hewa alikuwa alete vipimo vyake. Nikaona niusaidie msitu ushinde. Nikachuma yale majani yenye harufu kali, nikayatwanga kinuni, nikayafunga kwenye kitambaa, nikayatundika kwenye ule mdomo wa chini. Siku nne nabadilisha kama mtu anayelisha mgonjwa.

Binti akaja kikaoni macho yamemtoka. Anasema tangu azaliwe hajaona hesabu kama zile. Nilipomwona anavyofurahi, roho ikanisuta. Nikasimama mbele ya ukoo mzima. "Ni mimi. Nilitwanga majani."

Aibu hiyo! Bwana Futi alicheka mpaka akashika kiti. "Mama, kumbe mawingu yenu ni ya kinuni!" Mpaka leo watoto wananiita Bi Kinu. Niite na wewe ukitaka, lakini usitie sahihi.

Binti hakunigombeza. Alizifuta zile siku nne, basi. Baba yako mkubwa akamuuliza, "Haya, tuambie, tukikata mvua itapungua au haipungui?" Akajibu, "Mzee, kiasi gani, bado sijui. Upepo nao unaleta vumbi lake, na mvua nyingine inatoka mbali. Nipeni misimu miwili." Bwana Futi akadakia, "Mimi najua. Haipungui hata tone."

Hapo ndipo baba yako mkubwa alipochukua kalamu, na mimi nikaficha dole. Aliyepima mwaka mzima anasema hajui. Asiyepima hata siku moja anasema anajua. Mimi sikusoma, lakini mtu anayejua upesi hivyo, ukiwa naye shika vizuri begi lako. Tukikosea kwa kungoja, miti si ipo, tutaikata. Tukikosea kwa kukata, nani ataturudishia? Wananiambia nimezeeka. Nimezeeka, ndiyo, sijawa bubu.

Karatasi ikifika usiichane, watasema imepotea njiani. Irudishe bila sahihi, andika juu yake kwa herufi kubwa: MISIMU MIWILI.

Msalimie sana mkeo. Mama yako anakusalimu, yuko upande wangu ingawa kwa sauti ndogo. Na baba yako mkubwa mpigie umsalimie, si adui, ni kaka yangu, amechoka tu kubembelezwa. Mungu akulinde wewe mzima, na huo mkono wako wa kulia aulinde mara mbili.

Nani huyo anapiga kelele? Mama yako. Anasema watu wa Bwana Futi wameingia msituni na makopo ya rangi nyekundu, wanatia alama miti ya kukata. Kabla hata hujajibu! Waache watie. Mimi kusoma sijui, alama yao hainihusu, nitakaa kwenye shina la kwanza tuone watapaka nini.

Fundi, nipe mkono niinuke. Malizia hapo hapo. Mwandikie ni shangazi yake anayempenda, na mwambie nimeshasimama.