Yadi Kumi na Kamba ya Hettie

Jumatatu, 1 Oktoba 1906

Mataifa yote na yajue: Lemuel Ostrander, mwalimu wa fizikia, mwenye kitambi cha heshima na goti moja bovu, leo ameteuliwa rasmi kushika mnyororo wa kupimia kwenye mechi za mpira wa Kimarekani za chuo. Mizinga haikupigwa. Mke wangu, Hettie, kauliza tu kama nitapewa kofia. Sipewi.

Tatizo ni sheria mpya. Zamani timu ilitakiwa kusogeza mpira yadi tano kwa majaribio matatu, la sivyo wapinzani wanauchukua. Sasa ni kumi. Mnyororo wetu ni wa tano. Nimeunga yadi tano za kamba ya katani ya kuanikia nguo.

"Na shuka zangu nizianike wapi," Hettie kasema, "shingoni mwako?"

Jumamosi, 13 Oktoba

Tumefungwa 22–0. Kamba imefanya kazi nzuri kuliko timu.

Jumamosi, 3 Novemba

Tumefungwa tena. Nahodha wetu, Voss, kavunjika pua mara ya pili.

"Pua ileile?"

"Ileile, Prof. Nyingine sina."

Jumamosi, 24 Novemba

TUMESHINDA! 6–5! Dhidi ya Wexley — miaka kumi na moja hatujawahi kuwafunga!

Mvua tangu asubuhi. Dakika za mwisho, jaribio la tatu, Voss kaanguka na mpira kifuani. Tukaitwa kupima. Ncha ya pili ya kamba kaishika Amsden, mwalimu wa hesabu wa Wexley, rafiki yangu tangu tuko wanafunzi. Mpira umepita kijiti cha mwisho wa kamba kwa upana wa vidole viwili! Vijana wakaendelea, wakafunga.

Amsden kanipa mkono. "Ncha yako angeshika mtu mwingine, Lem, ningebisha."

Vijana wamenibeba mabegani. Wawili sasa wanachechemea.

Jumatatu, 26 Novemba

Kocha wa Wexley kalalamika: kamba ilikuwa fupi. Mkuu wa chuo, Dk. Kittredge, kaipima mbele yetu. Yadi kumi kamili. Vicheko.

Jumanne, 27 Novemba

Mkuu kaniletea karatasi nitie sahihi, kesi ifungwe: "Kipimo kilikuwa yadi kumi mchezo mzima." Yuko sebuleni, anakunywa kahawa.

Sasa ukweli, maana humu daftarini hakuna wa kunipigia makofi. Kamba ya katani ikilowa hufupika. Ikikauka, hurefuka tena. Nimefundisha hilo miaka kumi na tisa, ndoo ya maji mezani! Jumamosi, wakati wa mapumziko, niliigusa kamba, imekaza kama uzi wa fidla. Nikajua. Nikamtazama Voss na pua yake. Nikanyamaza.

Leo nimeilowesha jikoni, nikapima. Pungufu inchi saba. Mpira ulipita kwa vidole viwili.

"Lemuel!" Mkuu anaita. "Ni jina tu, bwana! Unaandika kitabu?"

Kamba iko hapa mezani, inachuruzika. Nikiisogeza karibu na jiko itakauka, irudi yadi kumi kamili.

Sijaisogeza.