Mstari Mwekundu Chini ya Jina la Mjomba

Mama,

Shikamoo. Najua wafu hawaitikii, lakini ndivyo ulivyonilea na siwezi kuanza vingine.

Mengi yamebadilika tangu tukuzike. Kiwanda kimesimama, nasi tumepunguzwa kazini. Sasa nauza mitumba Kihonda. Ile sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni mimi na wewe tangu alfajiri, siku hizi imejaa madukani, rangi uitakayo. Ungecheka. Kisha ungeuliza nani ana hela ya kuinunua, maana wewe neno hukukosa.

Lakini sikuandikii habari za sabuni. Nakuandikia kwa sababu ya fundi wa msalaba wako. Aliniuliza, "Rozalia binti nani?" Nikaduwaa, mtu mzima mwenye watoto watatu. Maisha yako yote jibu lilikuwa lile alilokupa bibi: baba yako alishuka mlima kwenda kwenye mkonge. Basi. Na kwa sisi Waluguru nani ahangaike? Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba yupo, shamba lipo. Lakini mimi niliona ulivyoumia. Kila tuliposhuka na mboga kwenda sokoni, tukipumzika pale kwenye jiwe la njiapanda, ulitua kapu ukakaa umeupa mgongo upande wa Ngerengere, kwenye mashamba ya mkonge. Siku moja ulisema, "Huko ndiko wanakozama wanaume wasiotaka watoto wao." Nilikuwa mdogo, ila sikusahau.

Nikapanda misheni. Padri akanifungulia kitabu cha ubatizo, na hapo penye jina la baba, wino umefifia lakini unasomeka: Paulo Mloka. Mama, nililia mbele ya padri bila haya.

Wiki ile ile nikateremka hadi Ngerengere, kwenye shamba la mkonge ambako wanaume wa kwetu waliandikwa kazi enzi hizo. Limepata mwekezaji, na ofisi ilikuwa inasafishwa. Madaftari ya manamba, wale vibarua wa mkonge wa zamani, yamerundikwa uani yakisubiri kiberiti. Karani, ambaye naye alishapewa barua ya kuachishwa, akanihurumia: "Tafuta, dada, ila Ijumaa yanachomwa." Siku mbili nilipiga chafya kwenye vumbi lile. Ya pili nikampata: Paulo Mloka, wa kijiji chetu. Chini yake palikuwa na mtu mwingine wa kijiji hicho hicho, aliyeandikwa siku hiyo hiyo. Jina lake lilipigwa mstari mwekundu: amefariki kwa homa, hata mwaka hajamaliza. Nikasema moyoni maskini wa Mungu, nikafunika daftari. Nilikuwa nimempata babu yangu, sikuwa na nafasi ya kulilia wa watu.

Jina nikalipeleka mbio kwa Bibi Sesilia, mdogo wake bibi. Alicheka hadi akashika mbavu. "Huyo si ndiye Mjomba Kofia!" Kumbe ni kaka yao, yule tuliyemjua kwa kofia yake tu. Katekista aliuliza mtoto ni wa nani, na bibi akajibu kama Mluguru yeyote wa enzi zake angejibu: wa mjomba wake. Nami, msomi wenu, nikamlilia babu ambaye si babu, aliyezikwa hatua kumi kutoka ulipolala wewe.

Ndipo nikamkumbuka yule jirani yake daftarini, wa mstari mwekundu. Nikamuuliza Bibi Sesilia, Antoni Kobelo ni nani? Kicheko kikaisha. Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema.

Mimba yako ilipojulikana, Antoni alitaka kumwoa bibi na hakuwa na mahari. Mjomba Kofia ndiye aliyemshawishi washuke pamoja wakaitafute. Alirudi peke yake. Hakuweza kumtazama dada yake usoni, na ulipozaliwa alisema tu, "Huyu ni wangu." Bibi naye kila alipolitaja lile neno mkonge alishindwa kuendelea. Nikauliza kwa nini wewe hukuambiwa. "Nani aliuliza?" akasema.

Nilikasirika, Mama. Bado nina hasira. Neno moja tu lingekutosha, na watu walikuwa nalo wakakaa nalo. Lakini nimkasirikie nani? Wote wamelala hapo na wewe, na huyu aliyebaki analia.

Ijumaa nilikuwa uani kwa yule karani kabla moto haujawashwa. Daftari lilikuwa bado, chini kabisa ya rundo. Alichana ukurasa taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nimeuweka kwenye sanduku lako, chini ya kitenge chako cha Pasaka.

Fundi nimempa jibu. Rozalia binti Antoni Kobelo. Chini yake litakuwepo na la Paulo Mloka, maana alikubeba, hata kama alikubeba kwa majuto. Padri akishangaa nitamweleza.

Basi, Mama, pumzika. Wanangu nitawafundisha jina la Antoni kabla hawajanisahaulisha kwa kelele zao, nao watawafundisha wa kwao. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nyingine ndogo.

Jana nikitoka kwako nilipita pale kwenye jiwe. Nilitua kapu, nikakaa nimeutazama upande wa Ngerengere mpaka macho yakauma. Hakukukataa, Mama. Alishuka kwa ajili yako. Kila nitakapopita pale nitakaa hivyo, kwa niaba yako.

Mwanao,
Tekla