Brokoli Aliyowapa Ng'ombe Sasa Anaimeza kwa Maji

Shikamoo Bi Mwamvita. Nakuandikia nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, na msaada ninaouomba ni wa haraka, kabla hasira hizi hazijamzika mtu nyumbani kwangu.

Mimi ni mkulima wa Dirma, nina bustani ya kumwagilia kwa ndoo nyuma ya nyumba, na mwaka jana binti yangu Violeth aliniletea mbegu za brokoli kutoka chuoni akasema mama jaribu, watu wa hoteli wanaitafuta, nikapanda, nikaibebea maji miezi mitatu, ikatoka vizuri kweli, na siku ya kwanza nilipoipika Baba Violeth akaisukuma sahani mbele ya wageni akasema, "Haya ni majani haya. Mimi nina meno ya ng'ombe?" Wageni wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa aibu, na Jumapili yake niliporudi kutoka kanisani nikakuta amewafungulia ng'ombe wamekula tuta zima, yeye ameegemea zizi anawatazama tu. Nikaokota ndoo zangu.

Halafu mwezi wa sita mwaka huu akaenda Katesh kwenye semina ya afya, akarudi ameuza beberu wake na mkononi ameshika kopo lenye picha, Bi Mwamvita, picha ya brokoli! Ile ile! Akaniketisha kama mwanafunzi, akanieleza kwamba ndani ya mboga hiyo kuna kitu kinaitwa salforafeni, kwamba wataalamu wamekitoa wakakitia kwenye kapsuli, kinasafisha damu, kinashusha presha, kinafukuza sumu, na huyo muuzaji wake, Modest, anayejiita daktari, kamwambia kapsuli moja ni sawa na ndoo nzima ya mboga, na mume wangu huyu ambaye ana miaka sita anameza vidonge vya presha vya kliniki na mpaka leo hajui vinaitwaje, hilo salforafeni analitamka kama jina la mtakatifu somo wake. Nikamwambia, mbona hicho kitu uliwapa ng'ombe tuta zima? Akanijibu, "Ile yako ni ya shamba, mama. Hii imepita maabara."

Hapo nikachemka. Nilikuwa na brokoli chache zilizochipua tena, nikazianika, nikazitwanga, nikazichekecha, na siku ya mnada alipokwenda kuangalia mitamba nikakaa jikoni mchana kutwa nafungua kapsuli moja moja, namwaga unga wao, najaza wangu. Nia yangu ilikuwa ameze wiki moja tu, kisha nimwambie mbele ya wageni wale wale, na mimi nicheke.

Siku ya tano akaamka akasema magoti hayaumi tena. Akanishika bega, kitu ambacho hajafanya tangu Violeth aanze darasa la kwanza, akasema, "Mama Violeth, mimi nimepona," akachukua vidonge vya kliniki vyote akaenda kuvitupa chooni, na mimi nimesimama pale pale, nina ulimi mdomoni, sikusema, kwa sababu, naomba usinitukane, nilikuwa nafurahi, kila asubuhi nilikuwa namtazama anameza brokoli yangu kwa maji na adabu zote, nikawa najiambia ngoja kidogo, ngoja kidogo, na kopo la pili alipolileta nalo nikalijaza.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aanze kuzimeza. Wiki iliyopita alishindwa kufunga vifungo vya shati, mkono wa kushoto ulining'inia tu, maneno yakawa yanamtoka mazito, kwa muda wa kuchemsha chai hivi, kisha akarudi sawa, akasema ni sumu inatoka, Modest alimwambia itatoka. Na Jumapili hii anatoa ushuhuda baada ya misa, na wifi yangu Scola, tunayeishi naye tangu yale maporomoko ya matope ya mlimani yachukue nyumba yake Jorodom, yeye ni mgonjwa wa sukari na ametangaza kwamba akishausikia ushuhuda wa kaka yake anaacha sindano. Nikisema ukweli, ukoo mzima watasema nimemwekea mume wangu kitu, na huku kwetu mwanamke akishasemwa hivyo haisahauliki. Baba Violeth ndiye aliyeanza! Kwa nini mwenye kubeba lawama niwe mimi? Nifanye nini? Tafadhali usinitaje jina, maana kila Ijumaa anasoma gazeti lenu na anaanzia kwako kabla ya mpira.

Mama Violeth, Dirma

*

Marahaba, Mama Violeth. Hilo ndilo neno la upole utakalolipata kwangu leo.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Nikaipiga ile namba uliyoandika pembeni, nikakuambia mpeleke hospitali sasa hivi, ukanijibu, "Hatakubali, Bi Mwamvita, ngoja Jumapili ipite." Ipite iende wapi? Mkono unaolegea na ulimi unaokuwa mzito, kisha vikarudi, si sumu inayotoka. Ni kiharusi kimepiga hodi. Safari ijayo kinaweza kuingia bila hodi.

Hasira yako naijua. Mtu akudharaulie chakula mbele ya wageni, halafu awape ng'ombe jasho lako la miezi mitatu huku anatazama, hata mimi ningekosa usingizi. Ungeikatakata hiyo brokoli ukamchanganyia kwenye makande akala akasifia, ningecheka nawe mpaka machozi. Lakini kuchezea kitu ambacho mtu anakimeza kama dawa si mzaha, na alipoelekea chooni na vidonge vyake mchezo uliisha. Pale palikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ukaimeza wewe, kwa sababu ushindi ulikuwa mtamu. Unaniuliza kwa nini mwenye kubeba uwe wewe. Kwa sababu nyumba nzima wewe ndiye unayejua!

Na usije ukafikiri kwamba unga wa Modest ungemlinda. Brokoli ni mboga nzuri, na hiyo salforafeni ipo kweli, watu wa maabara wanaichunguza. Kuchunguza si kutibu. Inauzwa kama kirutubisho, na kirutubisho hakikai mahali pa dawa ya presha wala pa sindano ya sukari, kiwe kimetoka maabara au kimetoka kwenye kinu chako. Magoti huuma na huacha. Presha haiumi, inakaa kimya miaka, ndiyo maana watu wanaidharau na ndiyo maana inawaua. Huyo Modest asiye daktari naye asidhani nimemsahau. Chukua kopo mpaka ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, uwaambie amewaambia nini watu kwenye ile semina.

Sasa fanya hivi. Anza na Scola. Mwambie leo, yote, bila kupunguza, na umwapishe kwamba hataruka hata sindano moja. Matope yalimwachia uhai, usimnyang'anye wewe kwa aibu zako. Kisha yeye awe shahidi wako mbele ya mumeo, na mwiteni mwenyekiti wa jumuiya yenu. Fungua kapsuli mbele yao, weka na unga wako pembeni wauone ni mmoja, halafu ulambe wewe mwenyewe. Anayesema umeweka kitu atakuona umekila. Kisha mpelekeni kliniki, muwaeleze ameacha dawa tangu lini, na kama kuna vidonge vya akiba vilivyobaki kabatini usimpe kwa kufidia, wao ndio watasema aanze vipi. Na kama mkono utalegea tena hata kwa dakika moja, msichemshe chai, tafuteni gari.

Uliniomba nisikutaje. Sijakutaja, majina yote ya watu nimeyabadilisha. Brokoli sikuibadilisha. Dirma nzima ni wangapi walioilima ikaliwa na ng'ombe? Ndiyo maana Jumanne nilikupigia tena nikakuambia barua inatoka Ijumaa, ili uwe na siku tatu za kusema kwa mdomo wako. Ulilia, ukanikasirikia, ukakata simu. Kasirika. Mimi nimeshazoea kukasirikiwa na watu wazima, ila kumzika msomaji wangu sitaki.

Na wewe Baba Violeth, najua upo hapa, mpira utausoma baadaye. Kama mkeo alishakuambia, mshukuru na uruke mistari hii. Kama hakukuambia, basi nakuambia mimi: ulichokimeza miezi mitatu ni ile mboga uliyowapa ng'ombe. Presha yako haijapata dawa tangu mwezi wa sita, na ushuhuda wako wa Jumapili dada yako anausubiri ili aache sindano. Una haki ya kumfokea mkeo, naye ana haki ya kukufokea, tuta zima lile! Mfokeane njiani. Sasa hivi simama, vaa shati, na vifungo vikikushinda akufungie yeye, mwende kliniki pamoja.