Nailoni ya Viti

Igowole

Kaka Kalinga,

Wasalimie wote hapo Soweto, na wifi mwambie mbegu zake za maharage zimefika salama. Huku Mufindi baridi imewahi, na viazi vinaozea shambani kwa mvua.

Nakuandikia maana kwenye simu ningelia tu. Shemeji yako Aroni aliuza ile Land Rover ya marehemu baba yake, iliyokuwa inapanda kila mlima na magunia yetu. Alichoka kuitwa mzee wa viazi. Akanunua Harrier nyeusi, akaishonea viti vipya kule Iringa mjini, na nailoni yake akakataza isitolewe. Kila jioni alikuwa anaifuta huku akiniambia hii ni ya kuanzia tu, mwakani ni Prado.

Wiki iliyopita uchungu ulinianza mvua ikinyesha. Aroni alinifungulia mlango wa nyuma, akaniambia niangalie nikae juu ya nailoni. Gari likazama kwenye tope la mteremko wa kwanza. Majirani walisukuma mpaka wakaishiwa nguvu. Nilijifungua humo humo. Alikuwa mtoto wa kike, kaka. Hakulia.

Land Rover tunaiona bado, inapita tope lile lile imebeba mbao za watu. Aroni akiisikia anaingia ndani.

Jana ameibandua nailoni, akaichoma. Nilienda kutazama. Kiti ni kisafi kabisa, kana kwamba mwanangu hakupita pale.

Mdogo wako,
Lea