Jiko la Dada Nakundwa

Mhezi, Jumamosi. Ukungu umetanda tangu asubuhi, nimevaa masweta mawili na bado nasikia baridi. Lakini leo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Dada yangu Nakundwa amepika.

Mwaka jana kifafa kilimwangusha kwenye mafiga akiwa peke yake, mkono wa kushoto ukaingia motoni. Mama alimtoa. Jirani akaja mbio na dawa ya meno. Nakundwa, fahamu zikianza kumrudia, akasema, "Maji. Msinipake kitu." Tukamweka chini ya bomba, maji ya mlimani yakamtiririkia karibu dakika ishirini, kisha tukafunika kidonda kwa kitenge safi na kushuka hospitali. Muuguzi alituambia maji yale yalizuia moto usizidi kula nyama, na kwamba dawa ya meno ingechafua kidonda tu.

Alipona, ila kovu liliukunja mkono. Kila siku alikuwa akiunyoosha, machozi yakimtoka, bila kulalamika.

Kilichomuumiza zaidi ni Mama kumkataza kuingia jikoni.

"Mama, mimi nina kifafa," alisema siku moja, "lakini si mgeni humu ndani."

Nakundwa akaanza kukanda udongo. Akajenga jiko la kufika kiunoni, sufuria inazama kwenye tundu lake hata ukiisukuma haipinduki. Mdomo wa kuni akauelekeza upande wa ukuta, mbali na anaposimama. Mbele akaweka ukingo mpana, wa kumweka mbali na moto. Dawa zake anameza bila kuruka, na amejiwekea sharti: hapiki bila mtu mzima karibu.

Leo mtu huyo nilikuwa mimi.

Alikuwa anakoroga makande mara nikaona amekodoa macho, mwiko ukamtoka mkononi. Kabla sijamfikia aliegemea ukingo, akateleza, akaanguka sakafuni upande wa mlango. Nikaweka sweta chini ya kichwa chake. Degedege lilipopungua nikamlaza ubavu. Mama aliingia, akasimama kama amegandishwa.

Sufuria haikuwa imetikisika.

Hakuwa na alama hata moja ya moto. Alilala kidogo, na alipozinduka vizuri swali lake la kwanza lilikuwa, "Makande yameungua?"

Nilicheka huku nalia. Nilidhani Mama atamfukuza jikoni moja kwa moja. Badala yake aliokota mwiko, akausuuza, akamsubiri akae sawa, akampa.

"Onja chumvi," akamwambia. "Mimi ulimi wangu siku hizi hauna kazi."

Sijawahi kumwona mtu shujaa kama dada yangu. Angeweza kuuogopa moto maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu.

Kesho nashuka nyumbani kwangu Same. Jiko langu la mkaa liko sakafuni, pale pale mwanangu anapotambaa. Sitalala kabla sijaliondoa.