Kitambaa cha Kuchujia Maji

Mutsamudu, Septemba 1997

Mzee wangu Lalji,

Shikamoo. Tangu kisiwa chetu kijitenge na ninyi wa Moroni, mabomba yamekauka, nami nachota maji chemchemini kule Patsy. Kila nikichota nakushukuru kwa kitambaa ulichonipa nilipokuwa nashona dukani kwako.

Zamani nilikucheka, unisamehe. Ukishachuja maji, ulikuwa ukirudi chemchemini kukisuuza, ili vijidudu ulivyovinasa virudi kwenye maji yao. Ulisema kwa dini yenu ninyi Wajaini hamuui hata kisichoonekana, na kwamba chemchemi huishi kwa sababu ya vijidudu hivyo hivyo. Nami nikawa nafanya vilevile, na majirani wakanicheka mimi.

Askari wenu walipokuja kutupiga wakashindwa, nilimkuta mmoja kajificha bandani kwangu, mguu unavuja damu. Kaka yangu Naoufal alikuja na bunduki ammalize. Nilisimama mlangoni nikamwambia, “Huyu anarudi alikotoka.” Mpaka leo Naoufal hasemi nami.

Askari mwenyewe ndiye aliyekukabidhi barua hii. Kitambaa chako ndicho nilichomfunga mguuni. Naomba kingine, mzee wangu. Maji bado nachota.

Mwanao,
Rafia